Majani ya Wapima Ardhi

Nilipopata kazi kwenye chumba cha mimea mikavu karibu na Tengeru, mama yangu hakufurahi. Tulikuwa tunakaa Moshono, wakati huo bado ni migomba na njia za ng'ombe, na mabinti wa majirani walioajiriwa serikalini walipata kazi za kueleweka: ukarani, unesi, ualimu. Mimi nilirudi siku ya kwanza nikamweleza kwamba kazi yangu ni kutunza majani na maua yaliyokaushwa na kushonwa kwenye karatasi ngumu, mengi yakiwa yamechumwa na Wazungu waliokuja kupima ardhi, Wajerumani kwanza, halafu Waingereza. Alikuwa anakoroga loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando. Hakuacha kukoroga.

"Babu yako aliwabebea mnyororo wao wa kupimia," akasema. "Walipomaliza, shamba lake likawa ndani ya msitu wao. Na wewe sasa unawatunzia majani."

Habari ya babu niliijua tangu utotoni, ila nyumbani haikuwa inasimuliwa. Ilitajwa tu, kama vile watu wanavyotaja ugonjwa wa ukoo. Alikuwa kijana mwenye nguvu, wakamchukua kwenye msafara, akashika ncha ya mnyororo wa chuma kutoka tuta hadi tuta kwenye mteremko wa Meru. Pale mzungu aliponyoosha kidole, wakasimika bikoni, nguzo ya kuonyesha mpaka. Bikoni mojawapo ilisimama chini kidogo ya boma la baba yake, na wote waliokuwa juu ya bikoni wakaambiwa washuke. Mama alizaliwa baada ya hapo, huku chini. Aliijua ardhi ile kwa kunyooshewa mkono tu.

Nilikwenda kazini hivyo hivyo, kwa sababu mshahara ni mshahara. Kuipenda kazi ile kulinijia polepole, na sababu yake alikuwa mkuu wangu.

Alikuwa mama wa Kichaga kutoka Machame, Mlutheri wa kusali kweli, aliyesomeshwa nje na serikali enzi za mwanzo za uhuru. Nilimwita dada, maana alikataa kuitwa mama kazini. Alisema mama ni wa watoto wake. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye lenzi yake, kisha akaniuliza nimeamkaje, na kweli akasubiri jibu.

Chumba chenyewe kilikuwa jengo la mawe lenye paa la bati jekundu. Ndani kulikuwa na makabati ya chuma yaliyosimama mgongo kwa mgongo, na harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kwenye sanduku la nguo. Harufu ile iliniganda. Kanisani waliokaa mbele yangu walijua nimeingia kabla hawajageuka. Alinifundisha kufunua jalada kwa mikono miwili, kutogeuza karatasi kifudifudi, kushona shina lililoachia kwa uzi wa pamba bila kulivunja. Mmea uliokauka miaka mingi unavunjika kwa pumzi. Nilijifunza kuhema pembeni.

Wapima ardhi wale hawakuja kwa ajili ya mimea. Walikuja kuchora mipaka: hapa msitu wa serikali, hapa shamba la mlowezi, hapa wenyeji. Lakini katika msafara alikuwapo mara nyingi mtu mmoja, wakati mwingine mpimaji mwenyewe, aliyechuma kila kilichochanua njiani na kukikandamiza katikati ya karatasi wakati wapagazi wanapika. Hicho ndicho kilichonishangaza. Wakiwa wanawaondoa watu, walikuwa wanaokota maua. Nilimwambia dada hivyo siku moja. Akasema kwamba yeye hakuwa anawatunzia wao. Alisema mmea haukumchagua aliyeuchuma.

Mmea uliokuwa wa kwanza kabisa wa aina yake, yaani ule ule ambao mtaalamu aliutumia kuipa aina hiyo jina, uliwekwa ndani ya jalada jekundu. Majalada mekundu yalikuwa machache, na moja lilikuwa na mmea wa kwetu Meru, uliochumwa na mpimaji wa Kijerumani. Ulikuwa mfupi, usiofika goti, wenye ua la umbo la kikofia. Kwenye karatasi ua lile lilikuwa limebaki rangi ya chai, lakini maelezo ya pembeni yalisema lilikuwa jeupe, na ndani lina madoa ya zambarau. Jina lake la kitaalamu lilimalizikia kwa jina la ukoo la yule mpimaji. Jina la hapa halikuandikwa. Huenda hakuuliza, au aliuliza akashindwa kuliandika.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo ruksa, yaani kufunguliwa kwa biashara, ilishaanza kuonekana. Sabuni zilirudi madukani, sukari ilirudi, mitumba ikamwagwa chini kwenye turubai kila siku ya soko Tengeru, na watu walifurahi. Mimi pia nilifurahi. Nilivaa sketi ya Ulaya kwa mara ya kwanza nikajiona mtu. Lakini kazini vitu vilianza kwisha kwa mpangilio uliokuwa kinyume na madukani. Naftalini ilikoma kuja. Karatasi ngumu zikakoma. Dereva akapunguzwa, halafu mtunza bustani, halafu mlinzi wa mchana. Tulikuwa tunakausha majani ya mwarobaini na tumbaku, tunayafunga kwenye vipande vya khanga kuukuu na kuyaweka kwenye makabati ili fukusi wasiingie. Fukusi waliingia. Ni wadudu wadogo kuliko chembe ya ulezi, wanatoboa ua kutokea ndani, na unapofunua jalada unakuta unga.

Katikati ya hali hiyo alikuja mgeni, mama mmoja mzungu, mtaalamu wa mimea kutoka Ulaya. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikaa nasi siku kadhaa, akila mihogo ya kuchoma tuliyonunua nje ya geti, akipitia makabati kwa makini kama dada mwenyewe. Alipofungua jalada jekundu la mmea wa Meru, akavua miwani. Akatueleza kwamba mpimaji yule alikuwa amechuma mashina mawili tu. Moja lilipelekwa Ujerumani, na jengo lililolitunza liliungua mji ulipopigwa mabomu vitani. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuchuma mmea ule popote. Huu uliokuwa mbele yetu ulikuwa umebaki peke yake.

Dada akauliza, kama hakuna aliyeuchuma, je, kuna aliyekwenda kuutafuta? Mgeni akasema hapakujulikana pale ulipochumwa, kwa sababu kijito kilichotajwa hakipo kwenye ramani yoyote. Akanisogezea karatasi. Jina liliandikwa kwa sikio la Mjerumani, lakini nilipolisoma kwa sauti, likatoka. Lilikuwa kijito cha upande ule ule wa babu.

Jioni hiyo nilimuuliza mama kama aliwahi kuona ua la namna ile. Nilimchorea. Aliitazama karatasi kwa muda.

"Tulikuwa tukionekana kule juu tunachapwa," akasema. "Maua ningeyaonea wapi?"

Tulipanda na Landrova ya kukodi ya yule mgeni hadi barabara ilipokwisha, tukaendelea kwa miguu. Dada alivaa raba za turubai na sketi ndefu, akajifunga khanga kichwani, na sikuwahi kumwona mchangamfu namna ile. Aliongea njia nzima. Alisema mmea kama ule unaishi kwenye mawe yanayotiririka maji, kwenye kivuli, na pahali pake huwa padogo kama uwanja wa nyumba, kwa hiyo mtu anaweza kupita jirani nao maisha yake yote asiujue. Alisema tukiupata tutachukua mbegu, tutauotesha kituoni, na jina lake la Kiswahili nitalitoa mimi.

Kijito tulikikuta. Watu wa pale bado walikiita kwa jina lile lile. Ila kilikuwa mfereji wa mawe makavu, na pembeni yake viazi na kabichi hadi ukingoni. Juu zaidi, pale tulipotegemea kuona msitu, ilianza misonobari ya serikali, mistari kwa mistari, na chini yake hakukuota chochote, majani makavu tu ya sindano. Tulifuata mfereji hadi kwenye chemchemi. Ilikuwa imejengewa sanduku la saruji lenye mfuniko wa chuma, na bomba nene jeusi likitoka humo kuteremka.

Mwanamke mmoja alikuwa anapalilia viazi. Tulisalimiana, nikamweleza tunachotafuta, dada akamwonyesha mchoro. Aliufuta mkono kwenye nguo kabla ya kuupokea. Akasema hajaliona ua hilo, lakini yeye alikuja pale kuolewa tu, tena si zamani.

"Linatibu nini?" akauliza.

"Hatujui," dada akasema.

"Linaliwa?"

"Hatujui."

Mwanamke akaturudishia mchoro kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayerudisha picha ya marehemu. Akasema maji yamechukuliwa na mashamba ya maua ya huko chini, yanapita kwenye lile bomba, na tangu hapo hata wao wanateka mbali. Akatutakia safari njema.

Tulitafuta mpaka jua lilipoanza kuelekea upande wa Monduli. Tuliinama chini ya kila jiwe lililokuwa na unyevu. Dada alipanda hata mahali ambapo sikudhani mtu wa umri wake angepanda, akashuka na magoti yenye tope, mikono mitupu. Njiani kurudi nilitazama mteremko ule ambao mama alikuwa akininyooshea mkono, nikafikiri kwamba hata wakiturudishia, hakuna cha kurudia.

Siku ya kuondoka, mgeni alisema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu mwanzo. Alizungumza taratibu, bila kumwangalia dada. Alisema ameyaona makabati yetu na wadudu wetu, na anajua si kosa letu. Akaomba auchukue ule mmea wa jalada jekundu, akautunze kwao kwenye chumba chenye baridi, na utaandikwa kuwa ni mali ya Tanzania.

"Kwetu utakuwa salama," alisema.

Dada alikuwa amesimama kwenye kabati, mkono juu ya mlango wake.

"Mwenzake pia alipelekwa kwenu awe salama," akasema. "Huu utabaki hapa."

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Mgeni aliinamisha kichwa, akakubali. Alipiga picha, na baadaye alituma nakala yake kwa posta: karatasi yenye doa la kahawia, na katikati mwanga wa kamera umeng'aa kama kovu. Nilikuwa upande wa dada siku ile, kwa moyo wote. Nikifikiri mnyororo wa babu, nikifikiri mama na sufuria yake, nilitaka kitu kimoja tu kisiondoke. Mpaka leo sijui kama nitasema alikosea. Nimejaribu kulisema, halitoki.

Mwaka uliofuata tulisikia kwamba sehemu ya ardhi ya kituo, pamoja na jengo letu, imekodishwa kwa mwekezaji wa maua ya waridi. Meneja wake alikuwa kijana Mtanzania, mpole, anayesalimia kila mtu kwanza. Alikuja kupima chumba chetu kwa utepe. Kuta za mawe zilimpendeza, kwa sababu waridi likishakatwa linatakiwa likae kwenye ubaridi kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Dada alimuuliza mimea iende wapi. Akasema pole sana mama, hilo mtalimaliza na wizara.

Dada alikwenda Dar es Salaam kwa basi, akiwa na sampuli chache kwenye boksi la mapajani, kuwaonyesha wakubwa kile kilichopo. Alizungushwa ofisi kwa ofisi. Kila mmoja alimwambia ni jambo muhimu sana. Mmoja alimwambia ailete mimea hiyo mwenyewe, na makabati yake, na mtu wa kuitunza, kisha wataangalia kama kuna nafasi. Alirudi amevimba miguu. Akaanza tena kwa watu wa Arusha, kwa vyuo, hata kwa dayosisi yake. Kila mahali alitoka amesifiwa, mikono mitupu.

Mwishowe tulipewa stoo ya serikali kule Sekei, ya muda, mpaka ufumbuzi upatikane. Makabati hayakuja, yaliorodheshwa kama chuma chakavu, na tuliyaona yakipakiwa kwenye lori jingine. Mimea tuliifunga mafungu kwa kamba ya katani, tukaiweka kwenye maboksi ya sabuni na magunia, tukajaza pikapu mara nyingi hadi nikapoteza hesabu. Majalada mekundu dada aliyafunga pamoja kwa khanga yake, akayapakata mwenyewe kiti cha mbele. Ile stoo ilikuwa na matairi, madawati yaliyovunjika na mifuko ya saruji iliyogeuka mawe. Tuliinua maboksi juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Dada aliitazama dari, akaona doa, akasema tutaomba paa lizibwe kabla ya masika.

Kabla ya masika tukapunguzwa kazi sisi wote wawili. Barua zilikuja siku moja, za kufanana, na hatukuzijadili. Kwa muda tuliendelea kwenda Sekei kwa hiari yetu, tukifagia, tukibadilisha mwarobaini. Halafu siku moja kufuli lilikuwa jipya. Mlinzi alisema ufunguo unakaa kwa bwana mmoja wa ofisi, bwana huyo yuko safari. Alikuwa safari kila tulipouliza. Mvua zikaanza. Zilikuwa zile mvua za Arusha zinazonyesha kama vile hazina pengine pa kwenda, na mimi nililala Moshono nikisikia bati letu, nikiwaza bati la kule.

Ufunguo ulipatikana mvua zilipokwisha, na si kwa ajili yetu. Stoo ilikuwa inatakiwa kwa kazi nyingine. Tuliitwa kuja kuondoa uchafu wetu. Ndivyo mtu wa ofisi alivyosema kwenye simu ya jirani, nadhani bila nia mbaya.

Mlango ulipofunguliwa harufu ilitufikia kwanza. Haikuwa naftalini wala mwarobaini, ilikuwa ya udongo mbichi, ya shamba. Maboksi ya juu yalikuwa yamelowa yakageuka uji, na ukungu mweupe umepanda juu yake. Ya chini yalionekana mazima, lakini nilipolishika la kwanza lilivunjika mkononi, na ndani lilikuwa limejaa tope lililokaushwa na mchwa. Walikuwa wamepanda kupitia miguu ya mbao. Walikuwa wamekula karatasi, wakala uzi, wakala kila kilichochumwa na kila msafara kutoka Meru mpaka Mbulu, na mahali pake wakaacha udongo wenye umbo la boksi.

Dada alikwenda moja kwa moja kwenye kona alipoacha khanga yake. Fundo lilikuwa limeshikilia bado. Alilifungua akiwa amepiga magoti. Majalada mekundu yalikuwa yametoboka kama kitambaa cha kuchujia chai. La Meru lilikuwa la katikati, na kwa muda nilidhani limepona, kwa sababu upande mmoja ulikuwa mzima. Alilifunua kwa mikono miwili. Pale ulipokuwa mmea palikuwa na njia za mchwa, za udongo, zikifuata shina kama lilivyokuwa limelala. Ua halikuwepo.

Nilisubiri alie. Hakulia. Alilifunika jalada, akaliweka juu ya mengine, akajishikiza ukutani mpaka akasimama.

"Basi, mdogo wangu," akasema. "Twende."

Hatukuondoa chochote. Vijana wa usafi walivitoa nje kwa koleo baadaye, na nilisikia vilichomwa.

Mimi nilipata kazi kwenye waridi. Watu wanashangaa nikisema hivyo, lakini kazi ilikuwa hiyo. Nilisimama kwenye mabanda ya plastiki, kwenye joto na harufu ya dawa, nikikata mashina kwa kimo kilichotakiwa, halafu yakapelekwa kukaa kwenye ubaridi ndani ya lile jengo la mawe. Mama hakunicheka. Nilitamani anicheke. Aliniuliza tu kama mikono inauma, akanipaka mafuta ya kondoo.

Dada alirudi Machame. Nilimtembelea mara chache, na kila mara alinipokea vizuri, chai ya maziwa na ndizi, tukaongea habari za wanawe na za kanisa. Uwanja wake ulikuwa umefagiliwa mpaka udongo unang'aa, bila unyasi hata mmoja. Nikigusia kazi yetu alinyanyuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Safari moja nilimwuliza wazi kama anajutia kumnyima yule mgeni. Alisema anaomba nisimuulize tena, na sikumuuliza tena. Ugonjwa wake ulipoanza sikuambiwa. Niliambiwa habari za msiba.

Watu walikuwa wengi, maana ukoo wao ni mkubwa. Wasifu uliosomwa ulitaja shule zake, ndoa yake, kwaya na utumishi wake serikalini. Baada ya mazishi mwanawe mkubwa, aliyekuwa mfanyabiashara mjini Arusha, alikuja kunisalimia. Aliambiwa nilifanya kazi na mama yake. Akaniuliza, kwa upole kabisa, hivi mama alikuwa anafanya nini hasa miaka yote ile, kwa sababu nyumbani hakuwa anaongea.

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza misafara, makabati, jalada jekundu, kijito. Nilikuwa natafuta namna ya kumwelezea lile ua, rangi yake, nikagundua kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kuliona likiwa jeupe, nililisoma tu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kisha mtu akamwita upande wa mahema, wageni wa mbali walikuwa wanaaga, akanishika bega, akasema samahani shangazi, akaenda.